Watoto Waliopanga Herufi

Kila tarehe 30 Septemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yeronimo, padri aliyeishi miaka mingi Bethlehemu akitafsiri Maandiko Matakatifu kwa Kilatini. Watafsiri wote humhesabu kuwa msimamizi wao. Katika vikundi vyetu tumezoea kumtaja siku hiyo na kupita. Safari hii tumeona vema tusimame kwenye kazi yenyewe, na hasa kazi ya kuwatafsiria watoto, kwa kuwa lugha tunayosali nayo hapa Kolwezi ilipata baadhi ya vitabu vyake vya kwanza vya kupigwa chapa kwa njia ambayo wachache kati yetu wameisikia.

Habari hii inaanzia Unguja, mbali na migodi yetu. Lakini njia ya kutoka kwetu kwenda huko ilikuwapo zamani, kabla Kolwezi haijawa mji. Katika mkoa wetu wa Lualaba, pale Bunkeya, alitawala Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi kwa biashara ya shaba na kujenga ufalme wa Bayeke. Misafara yake ilipeleka shaba, pembe za ndovu na watu hadi pwani za bahari zote mbili, ile ya Angola na ile ya Unguja. Kiswahili kilitufikia kwa njia hiyohiyo, kikipanda huku watu wakishuka wamefungwa. Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, na wazee wa Bunkeya wanayo mengi ya kusema juu ya siku ile. Sisi leo tunafuata upande mwingine wa njia, ule ulioishia baharini.

Mwisho wa Agosti 1864 walifika Unguja Waingereza wawili wa Kanisa la Anglikana: Askofu William Tozer na rafiki yake Padri Edward Steere. Misheni yao ilianzishwa baada ya David Livingstone kuwahutubia wanafunzi wa Cambridge mwaka 1857, na ilikuwa imekwisha kushindwa mara moja. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alifia karibu na mto Shire mwaka 1862, na wenzake kadhaa wakafa pia. Tozer aliamua kurudi nyuma na kuanza upya kisiwani. Wakatoliki walikuwa wametangulia: mapadri kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu wakavuka kwenda Bagamoyo na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Tunalitaja hili ili mtu asidhani tunasahau ya nyumbani. Lakini katika jambo la vitabu vya watoto, ni haki kumpa jirani sifa yake.

Steere alikuwa na umri wa miaka 36. Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria mpaka udaktari, akaruhusiwa kutetea kesi mahakamani, kisha akaiacha kazi hiyo na kuwa padri wa kijiji. Alikubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu. Akabaki, na kaburi lake liko Unguja.

Muda mfupi baada ya kufika kwao, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa shule ya kwanza. Tuwafikirie kwa utulivu, maana habari yote inawategemea. Kila mmoja alitoka kwao, bara, na lugha yake. Kiswahili walikuwa wamekisikia njiani, mdomoni mwa watu waliowauza. Na mwalimu wao, daktari wa sheria mwenye Kilatini na Kigiriki, hakukijua zaidi yao. Basi mwalimu na wanafunzi walianza darasa moja.

Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha isiyo na maandishi. Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walikuwa wamekiandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ameanza kukusanya maneno na kutafsiri. Kilichokosekana ni karatasi ambayo mtoto wa miaka kumi angeweza kuishika na kuisoma mwenyewe. Steere alitafuta msaada kwa wenye lugha. Mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu wa Unguja, Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, aliyekuwa kadhi, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora kabisa. Ndugu vijana, tusilipite jambo hili haraka: kadhi anakaa na padri wa Kiingereza ili Zaburi za Daudi zipate maneno mazuri. Wawili hao hawakuafikiana katika imani wala hawakujifanya kuafikiana. Lakini sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake, kwa ushuhuda wa Steere mwenyewe, kilikuwa cha kitaalamu mno kwa kazi iliyokusudiwa.

Hapo mtafsiri alipaswa kuchagua, na kila anayewaandikia watoto hufika mahali hapo siku moja. Kuna Kiswahili kinachomsifu mwandishi, na kuna Kiswahili ambacho mtoto anakielewa bila mtu kumfasiria. Steere alichagua cha pili. Alishika lugha ya Unguja mjini, ile iliyosemwa sokoni, jikoni na barazani, akaanza kuipiga chapa.

Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia, na waliofundishwa kuutumia ni wavulana wale waliokombolewa pamoja na wengine waliowafuata. Yafaa nieleze kazi hiyo, kwa sababu leo tunabonyeza simu na neno linatokea. Zamani zile kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini chenye risasi ndani yake, na herufi iliyochongwa nchani ilikuwa imegeuka kama sura katika kioo. Mpangaji alizitoa sandukuni moja moja, akazisimamisha katika kishikio cha mkononi, akizisoma kichwa chini. Neno likikosewa, mstari mzima ulifunguliwa. Ukurasa ukiisha ulifungwa kwa nguvu, ukapakwa wino, ukagandamizwa. Baada ya hapo kila herufi ilisafishwa na kurudishwa katika chumba chake, tayari kwa ukurasa mwingine. Tena masanduku hayo yalipangwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho hutumia sana herufi *e*, ilhali Kiswahili hula *a* kama moto unavyokula majani. Andikeni sentensi yoyote yenu mhesabu.

Hivyo Steere aliandika, wavulana wakapanga, karatasi zikaingia darasani zingali na harufu ya wino, na walewale waliozipanga wakazisoma. Ikiwa neno halikueleweka, lilijulikana siku hiyohiyo. Mimi nadhani hakuna mtafsiri aliyepata wahakiki wakali kuliko hao. Mtoto hamstahi mwandishi. Asipoelewa, anatazama dirishani. Mmoja wa vijana hao, Owen Makanyassa, baadaye alikuja kuwa msimamizi wa kiwanda cha uchapaji cha misheni. Mwingine, John Swedi, aliyekuwa miongoni mwa wale watano wa kwanza, alifikia daraja la ushemasi mwaka 1879.

Mwaka 1870 Steere alitoa London vitabu viwili vilivyompa jina. Kimoja kilikuwa cha sarufi na msamiati. Cha pili kilikuwa mkusanyo wa hadithi za Unguja kama zilivyosimuliwa na wenyeji, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna hadithi ya maskini na paa wake, na ile ya punda wa dobi, ambayo ndani yake kima anamponyoka papa. Papa amemchukua kima mgongoni hadi katikati ya bahari, ndipo anamwambia kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hatetemeki. Anajibu kwamba moyo ameuacha nyumbani, hivyo warudi wauchukue. Ninyi mliolelewa kwa hadithi za Kalulu mtaona mara moja kwamba wanyama hawa ni ndugu: mdogo asiye na nguvu, mkubwa anayemtaka, na akili kati yao. Nyanya zetu wa Kiluba, Kisanga na Kibemba wangeisikiliza na kuimalizia wenyewe.

Waliosimulia walikuwa watu wa mjini, si Steere. Yeye alisikiliza na kuandika, na katika dibaji yake hakuficha kwamba hadithi ni za wengine. Hata hivyo jalada lilikuwa na jina moja.

Kazi yake ya pili kwa watoto ilikwenda upande wa pili, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Mwaka 1807 ndugu wawili wa London, Charles na Mary Lamb, walikuwa wamezigeuza tamthilia za Shakespeare kuwa hadithi fupi za nathari kwa ajili ya watoto. Steere alichukua chache kati ya hizo, akazitafsiri na kuzipiga chapa Unguja katika miaka ya 1860 kwa jina la *Hadithi za Kiingereza*. Ilikuwamo ya Mfalme Lear, na ilikuwamo ya mfanyabiashara wa Venice.

Hiyo ya Venice ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mnajua kisa chake: mtu anakopa fedha, na mkopeshaji anamwandikisha mkataba kwamba asipolipa kwa siku iliyowekwa, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Huko London mtoto aliyesoma kisa hicho alikiona kuwa jambo la kutisha la nchi ya mbali. Huku Unguja, soko la watumwa lilikuwa bado wazi, mwendo mfupi kutoka shuleni. Mvulana aliyesimama mbele ya sanduku la herufi, akitafuta *n*, kisha *y*, kisha *a*, kisha *m*, kisha *a*, huenda mwenyewe aliwahi kushikwa meno na misuli na kutajiwa bei. Wengi waliuzwa kwa deni la mjomba, au kwa vibaba vya nafaka wakati wa njaa. Kwake yeye mwili wa mtu kuwa rehani ya deni haikuwa hekaya. Je, Steere aliliona hilo alipoichagua? Sidai kuujua moyo wake. Yawezekana aliichagua kwa kuwa ni hadithi nzuri yenye hukumu mahakamani, naye alikuwa mwanasheria. Lakini hadithi ikishatafsiriwa si mali ya mtafsiri tena. Inakwenda kukaa katika maisha ya anayeisoma, na humo hupata maana ambayo hata Shakespeare hakuitia.

Miaka mia baadaye, mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa Rais wa Tanzania, aliitafsiri tamthilia nzima kwa mashairi na kuiita *Mabepari wa Venisi*. Yeye alijua vema alichokuwa akifanya: jina hilo tu ni hotuba. Wavulana wa Unguja, hata hivyo, walikuwa wamemtangulia kuipanga kwa vidole vyao.

Yaliyofuata katika maisha ya Steere yanasimuliwa mara nyingi, nami sitayarefusha. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Misheni ikapata uwanja wa soko lile la Mkunazini, na wakati wa Noeli mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale. Mwaka 1874 Steere akawa askofu. Alisimamia ujenzi, akatembea kwa miguu hadi nchi ya Wayao, akaanzisha kijiji cha waliokombolewa huko Masasi mwaka 1876, na katikati ya hayo yote akaendelea kutafsiri. Alipofariki mwezi wa Agosti 1882 alikuwa amemaliza kutafsiri Agano Jipya. Alizikwa katika kanisa lile, nyuma ya altare.

Waandishi wengi wa historia hukomea hapo, kwenye kaburi. Nami naona sehemu bora ya habari inaanza baada yake.

Katika shule ya Kiungani, nje kidogo ya mji, wavulana waliendelea kusoma na kuchapa chini ya walimu wengine. Mmoja wa walimu hao alikuwa Arthur Madan, msomi wa Oxford, ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiswahili. Madan aliwapa wanafunzi kazi ambayo mpaka wakati huo hawakuwa wameizoea: kuandika habari zao wenyewe kwa Kiswahili. Wakaandika juu ya kwao, desturi za nyumbani, vita vilivyokuja, jinsi walivyokamatwa, walivyopita mkono hadi mkono, walivyopelekwa baharini. Madan alitafsiri maandishi hayo kwa Kiingereza, na mwaka 1887 yakatoka London katika kitabu kiitwacho *Kiungani*.

Angalieni mzunguko ulivyokamilika. Mwaka 1864 mtoto anapokewa akiwa hana neno la kuandika. Anafundishwa kupanga hadithi za watu wengine: za watu wa Unguja, za Waingereza, za Israeli. Baada ya miaka ishirini na mitatu, watoto wa shule ileile wanatoa hadithi zao. Si makubwa wanayosimulia, kwa maana ya wafalme na mapigano. Ni habari za mtoto aliyetumwa na mama yake, asirudi.

Lakini tukiwa wakweli tuseme na hili. Jalada la kitabu hicho lina jina la Madan, mfasiri na mhariri. Waandishi wametajwa kwa pamoja tu, kama wavulana wa shule za misheni. Inawezekana kulikuwa na hekima ndani yake. Mtoto aliyeponyoka utumwani huenda asingependa kila mtu ajue jina lake. Hata hivyo tabia hiyo tunaiona pia kwenye kitabu cha 1870, na tunaiona mahali pengi. Mtakatifu Yosefina Bakhita, mtoto wa Darfur aliyetekwa na kuuzwa, na ambaye alibatizwa mwaka 1890 katika Venice hiyohiyo ya hadithi yetu, alisimulia maisha yake kwa kinywa chake, na kitabu cha mwaka 1931 kikatoka kwa jina la mwandishi aliyemsikiliza. Kwa bahati njema Kanisa linalijua jina lake na kulitaja kila tarehe 8 Februari. Wale wa Kiungani, wengi wao, hatuwataji siku yoyote.

Mmoja wao angalau tunaweza kumtaja: Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akapitia shule za misheni hiyo, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Upande wetu, kando ya ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walifika Mpala mwaka 1885, wakawapokea watoto yatima na waliokombolewa, wakawafundisha. Katika nchi hiyo alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati hizi. Tunamkumbuka kama padri, na ni haki. Lakini kabla ya upadri wake, mwaka 1910 hivi, alikuwa amekwisha kuchapishiwa makala kwa Kifaransa juu ya fikra na desturi za watu wake. Kijana wa seminari, akiandika juu ya kwao kwa kalamu yake, na jina lake likionekana.

Na Madan? Baada ya miaka ya Unguja alielekea bara, akachunguza lugha za ukanda wa shaba upande wa kusini. Mwaka 1908 alichapisha kitabu cha lugha ya Kilala na Kilamba. Walamba ni majirani zetu. Mpaka wa wakoloni umewagawa, wengine wako Zambia, wengine upande wa Lubumbashi. Basi mtu aliyezisoma habari za watoto wa Kiungani alifika karibu kabisa na nchi ambako misafara ya Msiri ilianzia.

Wakati huo Union Minière ilikuwa na miaka miwili tu, na Kolwezi ilikuwa bado kuzaliwa. Mji wetu ulipojengwa mwaka 1937, makambi yake yalijaa watu wa Kasai, wa Lunda, wa Luba na wengine wa mbali, na kilichowaunganisha ni Kiswahili, kama kilivyowaunganisha wavulana watano wasioelewana. Padri Placide Tempels alipoanzisha Jamaa katika makambi hayo miaka ya 1950, mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili hicho cha kambini, ambacho wenye Kiswahili cha vitabu hukicheka. Vijana wetu nao hukionea haya; wakipewa karatasi na kuambiwa waandike, wanaomba ruhusa ya kuandika Kifaransa, au hawaandiki kabisa. Al-Amawi naye angekicheka Kiswahili cha wavulana wa Steere.

Kitabu cha *Kiungani* kilitoka kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa Uingereza. Maneno ambayo watoto waliyaandika kwa Kiswahili yakawa Kiingereza. Katika vikundi vyetu wamo wanaosoma Kiingereza siku hizi, kwa sababu ya kazi za makampuni. Tumewaomba wanne kati yao wachague simulizi moja fupi na kuirudisha katika Kiswahili, kwa namna ambayo watoto wa komunyo ya kwanza wataielewa bila kufasiriwa. Wameanza juma lililopita, nao wamekwama kwenye sentensi ya kwanza: wawili wanataka kuandika "nyumbani kwetu", na wawili wanataka "kwetu" peke yake.